Chuma au Ng'ombe

"Umewachinja ng'ombe miaka yote, leo unataka mmoja akae kifuani mwako?" Fundi wa kuchomelea alimfuata mchinjaji hadi mlangoni pake, nasi wapangaji wengine tukasogeza viti.

"Ng'ombe namjua. Chuma chako kinagonga kama saa ya ukutani, mkeo halali."

"Mke wangu mtoe mdomoni. Vali ya ng'ombe huchakaa, utapasuliwa tena uzeeni. Yangu nitazikwa nayo."

Vali moja ya moyo wa mchinjaji ilikuwa haifungi sawasawa, na daktari alimwachia achague ya kuwekewa. Fundi alishawekewa ya chuma. Kila siku humeza kidonge cha kuzuia damu isigande. Mke wa mchinjaji aliitaka hiyo ya chuma, asije akamwona mumewe chini ya kisu mara mbili. Akamwita fundi amshawishi mumewe. Ndipo alipokosea: fundi hajui kushawishi bila kutukana.

"Muoga wewe. Kidonge tu kinakutoa jasho."

Mchinjaji akampa ngumi ya mdomo. Fundi akamtwanga pua kwa kichwa. Wakakabana, wakapindua karai la nguo, wakabingirika majini wakipigana makonde ya mbavu. Mchinjaji akahema kama mbwa, lakini akamwinua mwenzake na kumbamiza paji la uso kwenye kona ya dirisha la chuma.

Damu ya pua ya mchinjaji ilikauka mara moja. Paji la fundi halikukauka. Taulo la kwanza likalowa, la pili likalowa, damu ikamshuka hadi kifuani.

"Haigandi, shemeji," mke wa fundi akamwambia mchinjaji. "Bana hapo, usiachie."

Akabana njia nzima hadi hospitali, yeye aliyeoga damu maisha yake yote, asithubutu kuitazama hii.

Fundi alishonwa, akapigwa picha ya kichwa, akalazwa, kesho yake akarudi na bendeji. Mchinjaji alimkuta mkewe uani, akamwonyesha vidole vyenye makovu.

"Najikata kila wiki, mama. Na ngumi zangu unazijua, hazikai mfukoni. Naweka ya ng'ombe."

"Na ikichakaa?"

"Watanipasua tena."

Mke akafuta macho. "Nitakungoja mlangoni mara zote mbili."

Mchinjaji akaenda kusimama nje kwa fundi, asijue aanzie wapi.

"Ni yule mpumbavu?" sauti ikauliza ndani.

"Ndiye," mke wa fundi akajibu.

"Mwambie anawe mikono aingie. Chakula kinapoa."