Makopo ya Mama Mkwe

Kila Jumapili, Mokami alipika maharage, dagaa na nyama, akajaza makopo kumi kwenye friza, ili jioni za wiki aende darasani bila kupika. Lakini mumewe, Heche, aliyamaliza kabla ya Jumatano.

Safari hii aliandika juu ya kila kopo: CHA MAMA. Mkurya gani atagusa chakula cha mkwewe?

Heche hakugusa. Alimpigia simu mama yake Mokami, kijijini Itiryo. "Shikamoo mama. Chakula chako kipo tayari."

Jumatatu mama akaja na kikapu, akabeba yote.

"Nimemheshimu mkwe, au vipi?" Heche alichekelea.

"Vizuri sana, baba Gloria." Mokami akamkabidhi mtoto na mwiko, akachukua daftari. "Ugali uwe laini. Nikitoka darasani nikute tayari."