Blauzi ya Kijani kwa Bi Katheeja

Hakuna mwanamke Madurai nzima aliyeagana na titi lake vizuri kama mimi. Lilikuwa la kushoto, likaingia saratani, wakaliondoa, nami sikutazama nyuma. Blauzi zangu zote za zamani niliwagawia binamu zangu wiki ile ile niliyotolewa nyuzi. Ndani ya sindiria nikaweka sponji, nikaipa jina la Mpangaji, maana halipi kodi na kila nikiinama anataka kuhama. Watu walicheka. Mtu akishacheka hakuulizi swali la pili.

Jumatatu nilikwenda kliniki na mama mkwe wangu, Pechiammal, ambaye hajakosa hata siku moja ya matibabu yangu. Kwenye benchi tulikaa na mwanamke mmoja ambaye kivimbe chake kiliwahiwa kingali kidogo. Walitoa kivimbe, titi wakamwachia. Alikuwa analalamika kwamba kovu linamvuta. Nilimpa pole kwa mdomo. Macho yangu yalikuwa kwenye sari yake, jinsi ilivyolala kifuani pande zote mbili, na yeye wala haishughulikii.

Ndani, Daktari Vasuki akasema tangu nimalize mionzi mwaka umepita na ngozi imetulia, kwa hiyo wanaweza kunitengenezea titi jipya kwa nyama ya tumbo langu mwenyewe.

"Halitakuwa lile," alisema. "Wala halitahisi kama lile. Lakini litakuwa lako."

"Daktari, hili tumbo mama amelilisha wali miaka sita. Mkilihamisha atadai."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiti. Daktari hakucheka. "Nataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Nafasi hii ikipita, nyingine ni baada ya miezi minane."

"Jibu ni hapana. Nipo hai, inatosha."

Mama akanipapasa mgongo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Maneno yale hayakuwa yangu, ni ya mume wangu, Ilango. Huyasema kwa mapenzi, kila mara. Mimi nilitaka zaidi ya hiyo "inatosha". Lakini nimefanya mzaha mwaka mzima, sasa nianzie wapi?

Alhamisi nikaenda kwa Bi Katheeja, fundi wetu wa blauzi, na kitambaa cha zambarau kwapani. Kwake ni nadra mtu kupimwa. Kila mteja huacha blauzi moja inayomkaa sawasawa, na fundi anashona kwa kuifuata hiyo. Zimejaa ukutani kwenye mifuko yenye majina. Ukitaka kujua miili ya mtaa wetu, hospitali usijisumbue, nenda pale. Na mfuko mmoja ulikuwa na jina langu. Blauzi iliyokuwa humo ndiyo sikuigawa. Tuseme nilijifanya nimeisahau.

"Leo nikupime upya, mwanangu?" Tayari alishatoa futi kwenye mtoto wa meza.

"Ya nini? Fuata ile ile ya kijani."

Akaishusha futi. "Kushoto nikuwekee mfuko wa sponji?"

"Usiweke."

"Basi patanywea, Kuyili. Siku ya harusi ya mdogo wako watu watatazama kifua chako, bibi harusi wamsahau."

"Si ya harusini. Harusini nitajitanda mtandio. Hii ni ya baadaye."

"Baadaye gani?"

"Bi Katheeja, wewe ni fundi au polisi?"

Akaitungua ile blauzi, akaniwekea mkononi, akaenda nyuma kutafuta uzi wa zambarau.

Nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nikamtoa Mpangaji, nikavaa. Kulabu zote zikafunga bila ubishi. Kulia nguo ilijaa. Kushoto ilikuwa imelegea, ila umbo lilikuwepo bado, mshono umelikariri. Kwapani palikuwa na alama hafifu ya jasho la siku tuliyocheza ngoma ya posa ya mdogo wangu, siku nisiyokuwa na habari ya lolote. Nikaweka kiganja pale palipobonyea, nikapajaza. Kwenye kioo akasimama yule wa zamani. Nikageuka ubavu, naye akageuka. Nikageuka tena, nimtazame vizuri.

"Nimekukumbuka," nikamwambia. "Nimekukumbuka sana, wewe."

Ndipo nilipomwona mwingine kwenye kioo. Pazia lilikuwa wazi kidogo, na mama mkwe wangu amesimama hapo na kikapu chake.

"Nilikuja kuichukua hiyo," alisema. "Niliogopa utakuja kushonesha nguo ya harusi uikute, uumie."

Nikatafuta mzaha. Huwa ninao kila wakati, mpaka msibani. Sikupata. Kiganja kilikuwa bado kifuani. Nikikitoa ataona, na nisipokitoa ameshaona.

"Umesimama hapo muda gani, mama?"

"Tangu ulipoanza kuzungumza naye."

Akaingia, akavuta pazia nyuma yake, akakaa kwenye kigoda magoti yetu yakigusana. Hakunitazama usoni, alikitazama kiganja.

"Jumatatu ulimwambia daktari hapana, na mimi nikafurahi kwamba hutapasuliwa tena," alisema. "Sasa niambie mimi."