Kijiko Kinachohisi Meno

Mke wangu Baukje aliapa kwamba hatalishwa na mkono wa mtu. Maradhi ya misuli yalishamnyang'anya mikono, lakini ulimi, wacha wee, ulibaki mkali vilevile. "Umetengeneza redio za nusu ya mji wa Drachten, wewe mzee," akaniambia, "leo unashindwa na kijiko?"

Basi nikamuundia mkono wa bati wenye mota inayokwenda hatua kwa hatua, umletee kastadi yake saa kumi na mbili jioni kamili, maana kwetu chakula hakichelewi hata mtu akiwa anakufa. Siku ya kwanza kijiko kilimchoma ufizi, damu ikatoka. Ile chipu inayoendesha mota ilikuwa inasukuma tu, haijui imekutana na hewa au na mdomo wa mtu. Nilijiona mpumbavu.

Nikafungua sanduku lenye chipu. Kati ya mguu wa chipu na waya wa ardhi nikachomelea rezista ndogo kama punje ya mchele, ili umeme wa mota upite hapo na kupimika. Mota ikizuiwa, namba inapanda. Nikaipa chipu kiwango cha arobaini: Baukje akiuma kijiko namba ikafika hapo, mkono usimame umngoje ameze.

"Ehee! Sasa kina adabu kukushinda wewe," akasema.

Lakini Baukje ni Baukje. Alimwita daktari wetu, Bi Hoekstra, akamwandikisha mbele yangu: siku atakayoshindwa kukisimamisha kijiko, ataacha kula, na mpira wa kulishia tumboni hautaki. Nami nikatia sahihi, nikidhani siku hiyo iko mbali.

Haikuwa mbali. Mwezi Februari kuuma kwake kukashuka hadi arobaini na moja. Nilipomlaza, nikaingia kwenye programu nikashusha kiwango kikawa thelathini. Wiki iliyofuata, ishirini na tano. Kisha ishirini na mbili, na ishirini na mbili ndiyo namba ya mota inayozunguka bure, bila kugusa kitu. Na kwa kuwa chipu hupima tu kijiko kikishafika mdomoni, sasa kingesimama pale hata asipouma. Nilimdanganya mke wangu, nasema wazi, na ningemdanganya tena.

Alhamisi kijiko kikaingia mdomoni, kikasimama.

"Wietse," akasema polepole. "Sikuuma."

"Umeuma, mama. Mbona kimesimama?"

"Nimeacha mdomo wazi makusudi. Leo siku ya nne nakupima." Macho yake yakanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ulikifunza kisinichome. Umekifunza na uongo. Rudisha."

Nikarudisha arobaini huku machozi yananitoka. Safari hii aliuma kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama. Nikatazama mita niliyoiunga kwenye rezista. Ishirini na nne. Kijiko kikazidi kusukuma, nikachomoa waya ukutani.

Kastadi ilikuwa imemwagika kidevuni. Nikampangusa.

"Bakulini imebaki?" akauliza.

"Imebaki."

"Basi nipe wewe. Usimwambie mtu."

Nilimlisha vijiko vitatu kwa mkono wangu, vya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini na minane. Kila nilipokisogeza kijiko nilifumbua mdomo wangu pamoja na wake, naye akanicheka kidogo. Alipomeza cha tatu akafumba mdomo, nikaosha bakuli, nikampigia simu Bi Hoekstra.