Nyumba Zilizoipa Barabara Kisogo

Mwaka 1972, katika kiangazi kile ambacho maji ya chumvi yalipanda Mto Martapura hata maji ya kunywa yakawa yanatujia kwa mashua, barabara ilifika Teluk Rambai, pembezoni mwa mji wa Banjarmasin. Ilipita hatua chache tu nyuma ya majiko yetu, nyekundu na yenye vumbi, na hakuna aliyeikaribisha. Nyumba zote za mtaa ule zilitazama mto. Huko ndiko kulikokuwa na baraza, ngazi, gati la magogo na milango yenye nakshi. Upande wa barabara tulikuwa na kuni, mabata na kamba za nguo.

Fundi mmoja alimshauri mama yetu, mjane Arbainah, atoboe mlango upande huo.

"Mgeni hapitishwi kwenye masizi," Mama alimjibu. "Nyumba ya baba yangu haigeuki kwa ajili ya gari."

Mwezi huohuo mdogo wangu Salasiah alikuwa aposwe. Yeye na Bahrun walikuwa wamekwisha kupendana, lakini neno la mwisho lilikuwa la babu yake Bahrun, Haji Syahrani wa Kandangan, mji wa bara. Kwetu wajumbe wa posa hupokewa mbele ya nyumba kwa mashairi; mwenyeji huanza, mgeni hujibu. Mgeni ambaye hakupokewa kwa shairi huhesabu kuwa amekataliwa. Tuliarifiwa kwamba wangefika alasiri. Hakuna aliyeuliza wangekuja kwa njia gani, kwa kuwa tangu mtaa uanze njia ilikuwa moja.

Alasiri hiyo Mama na wazee wa mtaa waliketi gatini wamevaa hariri, wakiitazama kila mashua iliyopita. Mimi na Salasiah tulikuwa jikoni. Alikuwa amechuchumaa, uso mweupe kwa unga wa mchele tunaojipaka ili ngozi ipoe, akigeuza samaki kikaangoni. Tukasikia hodi.

"Pita tu, shangazi, bata nimeshamfunga," alisema, akidhani ni jirani.

Akaingia mzee mwenye kofia nyeupe, na nyuma yake ujumbe mzima uliobeba sinia za zawadi. Mzee alimtazama Salasiah kwa muda.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Hapana, babu. Mimi ndiye mnayemposa."

Mama mmoja wa ujumbe ule akajifunika mdomo kwa mtandio. Haji Syahrani hakucheka.

"Nyumba zote za huku zimetupa kisogo," alisema. "Hii yenu imetupa kisogo na moshi juu yake. Kama hamtaki, si mngesema tu? Vumbi nimelila la kunitosha mwaka mzima."

"Turudi, Haji," alisema yule mama. "Jibu tumeshapewa, tena la kukaanga."

Salasiah aliinamisha kichwa, na ule unga usoni ukaanza kupasuka. Nilijua kwamba wakipanda gari hawatarudi tena.

"Babu," nikamwambia, "utaondoka bila kujua kwa nini nyumba zimekaa hivi?"

Alikuwa amekwisha kugeuka. Akasimama. Nilikuja kujua baadaye kwamba mzee yule hakuweza kulipita sanduku lililofungwa bila kuuliza kilichomo.

"Haya, kwa nini?"

Nikampitisha ndani hadi barazani. Mbele yetu, Mama na wazee wote walikuwa wanatazama majini.

"Na hawa nao kisogo," alisema Haji.

Mama aligeuka, akamwona, akainuka upesi. Kabla hajamsalimu, Haji akanyoosha kidole. "Yale magogo yaliyosimama majini bila nyumba, ya nini?"

"Hapo baba yangu alifunga nyumba yake ya kuelea," Mama alijibu taratibu, "alipoteremka na utomvu wa mpira wa kuuza. Hapakuwa na mtaa, palikuwa na mti mmoja tu wa mrambai. Wenzake wakafunga zao ubavuni. Magogo ya kuelea yalipooza, wakasimika nguzo matopeni, wakahamia juu. Soko likaja, msikiti ukaja."

"Navyo vikatazama mto?"

"Vingetazama wapi, Haji? Mchele ulikuja na mto. Mkunga, maharusi, hata maiti."

"Na leo mimi nimekuja na nini?"

"Na gari," alisema Mama, akakohoa kidogo ili aanze shairi la kuwapokea.

Haji aliinua mkono. "La, mama. Deni la mapokezi hulipwa pale lilipokopwa. Nimeingilia nyuma, huko nyuma utanipokea. Tutarudi mvua zikianza. Tusipokukuta mlangoni, binti abaki na samaki wake." Kisha akaongeza, "Samaki mwenyewe nitamwonja kwanza. Nimetoka mbali."

Siku kadhaa baadaye, asubuhi moja, Mama akamwita yule fundi. Jiko lilisogezwa ubavuni, ukuta wa masizi ukakatwa, ngazi za mbao ngumu zikashushwa hadi barabarani. Ubao wa nakshi uliokuwa juu ya mlango wa mtoni ukahamishiwa huko.

"Arbainah," jirani alimtania, "nyumba yako sasa ina nyuso mbili kama mwanasiasa."

"Yako ina moja," Mama alimjibu, "nayo imefunikwa na nguo zinazokauka."

Kabla mwaka haujaisha, jirani huyohuyo naye alikuwa ametoboa mlango. Mpaka leo najiuliza ni nini hasa kilichougeuza mtaa wetu, barabara au wageni.

Mvua zilipoanza, gari lilisimama mbele ya ngazi mpya. Haji Syahrani alishuka, akaitazama nakshi, akasubiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni, matope yamerukia hariri yake. Akamrushia mchele wa manjano wa kumkaribisha, akasema kwa sauti iliyofika mpaka gatini:

Maji hupwa na kujaa,
gogo li papo gatini;
deni letu limekaa,
lipokee mlangoni.