Binti wa Nguruwe wa Dokta Pruitt

Kinyaa kilinianza kwenye chakula cha mchana, kabla hata sijamwona Dokta Pruitt.

Tulikuwa waombaji wanne wa nafasi za mafunzo ya kazi kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu kimoja huko Iowa. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na sote tumevaa suti nyeusi utadhani tumekuja kuzika. Walituwekea mikate baridi yenye nyama ya bata mzinga. Aliyetukaribisha ni Colby, mmoja wa wanagenzi wa mwaka ule, kijana mwenye meno meupe kupita kiasi.

"Hapa si mahojiano," alisema. "Kuleni, ulizeni lolote, jisikieni nyumbani."

Nani asiyejua kwamba tukigeuka tu atakwenda kueleza nani alitafuna mdomo wazi? Lakini tulitabasamu. Ukisomea udaktari wa saikolojia unajifunza kutabasamu hata kwa mtu usiyemwamini.

"Baadaye mtakutana na Binti wa Nguruwe," Colby aliendelea huku akichekelea. "Ni mgonjwa wa kuigiza wa Dokta Pruitt, mkuu wetu hapa. Kila mwaka anamleta. Ombeni Mungu msicheke."

"Sisi Alabama nguruwe tunamla," alisema Latrice Boykin, mwombaji aliyekaa kando yangu. "Hatumwigizi."

Nilicheka na wenzangu. Mimi ni binti wa mfugaji wa nguruwe. Utani wa namna hiyo nimeuzoea tangu shule ya msingi.

Nilikitaka kituo kile kuliko vyote. Katika fani yetu, bila mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hupewi huo udaktari, hata uwe umesoma mpaka macho yameingia ndani. Waombaji wanavipanga vituo wanavyovitaka, vituo vinawapanga waombaji, halafu kompyuta inawaoanisha. Ikishasema imesema, huna pa kulalamika. Na ni marufuku kituo kumwambia mwombaji wamempanga nafasi gani. Vituo vingine vilivyoniita vilikuwa mbali sana, cha karibu zaidi kiko Nevada. Hiki kilikuwa nusu saa tu kutoka kwa baba yangu, Orrin Haugland, ambaye mikono inamtetemeka siku hizi kiasi kwamba kijiko cha supu kinafika mdomoni kitupu. Mama alishafariki. Mtoto ni mimi peke yangu.

Na nitasema ukweli, kulikuwa na sababu nyingine. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilisoma pale mwaka mmoja, na Dokta Lyle Pruitt ndiye aliyekuwa mshauri wangu mama alipofariki. Baadaye nilihamia chuo kingine, nikaolewa, ndoa ikafa jina likabaki. Sasa naitwa Maren Pokorny. Katika insha yangu ya maombi niliandika kwamba nilichagua kazi hii kwa sababu kuna mtu aliwahi kunisikiliza bila kuniharakisha. Sikumtaja, lakini nilimaanisha yeye.

Tulipokutana naye baada ya chakula, hakunikumbuka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ananukia karafuu na sabuni ya bei ghali. "Maren, insha yako iliniliza," alisema. Nikafurahi, mjinga mimi.

Tuliingia chumba cha mahojiano. Zoezi lilikuwa rahisi: Pruitt anakuwa mwanafunzi mwenye shida, sisi tunakuwa washauri mmoja mmoja, wengine wanatazama. Kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na koti kuukuu la kazi, la kahawia. Pruitt alilivaa, akakunja mabega, akaketi. Kisha akaishika ncha ya mkono wa koti kwa kidole gumba, akaipeleka puani, akavuta hewa kwa kelele.

"Wenzangu bwenini wanasema nanuka," alisema kwa sauti nyembamba ya kike. "Ni koti la mama la bandani. Lakini nikilifua, mama atakuwa amekufa kweli."

Colby, aliyesimama ukutani, aling'ata midomo asicheke.

Maneno yale niliyasema mimi. Niliyasema katika jengo lile lile, kwa mtu yule yule, mlango umefungwa, baada ya kuahidiwa kwamba hayatatoka nje. Ni mimi niliyelala na koti la mama kipindi kizima cha baridi. Sauti yangu haikuwa nyembamba namna ile wala sikunusa kwa kelele kama mbwa. Hayo aliyaongeza mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa sababu watu walicheka.

Kijana mmoja kutoka Utah alitangulia. "Nausikia uchungu wako," alimwambia Pruitt, kichwa amekiinamisha upande. Pruitt akalia. Yalikuwa machozi kweli, mtu mzima na ndevu zake! Nilitamani kutoka nje nikatapike kwenye theluji, lakini nilimkumbuka baba na kijiko chake, nikakaa.

Zamu yangu ikafika. Pruitt akanusa, akaniambia kuhusu wenzake wa bwenini, akaniambia kuhusu kufua. Nikamwacha amalize.

"Mama yako alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

Aliacha kunusa. "Susan," alisema.

"Alikuwa mtu wa namna gani, Susan?"

"Alikuwa... mama tu. Mwema."

"Alikuwa akiwaimbia nguruwe wakati wa kuwalisha?"

"Ndiyo," alisema haraka, akidhani nimempa pa kushika. "Ndiyo, aliimba sana."

"Alikuwa hajui kuimba hata kidogo. Aliwapigia mluzi. Na hakuitwa Susan, aliitwa Ragna. Binti yake alikuja kwako majira yote ya baridi, Dokta, na hukuwahi kumuuliza. Ulimsogezea tishu."

Kidole gumba cha Pruitt bado kilikuwa kwenye koti. Latrice alinitazama, kisha akamtazama Pruitt, akatikisa kichwa polepole. Kisha Pruitt alivua koti, akalitundika msumarini vizuri, akapiga makofi mawili.

"Mbinu ya kipekee kabisa," alisema. "Anayefuata."

Mahojiano yalipokwisha, Pruitt alinikuta ukumbini navaa buti zangu.

"Haugland," alisema. "Ni wewe, siyo?"

"Ni mimi."

Nilingoja aniombe radhi. Naapa ningemsamehe hapo hapo, maana nilimhitaji na yeye alijua.

"Laiti ungejua umewafundisha wanafunzi wangapi!" alisema, macho yanamng'aa. "Wewe ni zawadi, Maren." Kisha akasogea, akashusha sauti. "Sipaswi kukwambia hili, lakini nitakuweka wa kwanza. Mzee bado yuko shambani, eti? Utakuwa karibu naye." Akaniwekea mkono begani na kunifinya kidogo, kwa upole.

"Toa mkono," nikamwambia.

Alicheka kidogo, akautoa. Karafuu ile ilinifuata mpaka ndani ya gari. Nilishusha vioo na baridi yote ile, bado nikaisikia.

Baba nilimkuta jikoni. Nilimsimulia yote huku nikimlisha supu, naye alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ukimpanga, unapata," alisema.

"Napata. Nisipompanga, naenda Nevada."

"Na atakuwa bosi wako."

"Mwaka mzima, baba. Ndiye atakayenisainia."

Alifikiri, mikono inatetemeka juu ya meza. "Nimefuga nguruwe maisha yangu yote, binti yangu. Wanakula uchafu, sikatai. Ila sijaona hata mmoja aliyekula halafu akataka nimshukuru." Akakisukuma kijiko pembeni. "Nenda Nevada. Supu nitainywa kwa mrija."

Sikukiweka kituo cha Pruitt popote. Februari kompyuta ikanipeleka Nevada, na Latrice akapata Iowa. Nilipeleka malalamiko kwenye bodi ya leseni. Walijibu kwa adabu kwamba hakuna siri ya mteja iliyotoka, maana katika igizo lile hapakuwa na jina la mtu yeyote. Baba alimpata jirani wa kumpikia, na kila Jumapili kwenye simu nasikia mrija ukifyonza. Ananiambia supu ni tamu hivyo hivyo. Anaongopa.

Januari iliyofuata Latrice alinipigia.

"Shoga, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Leo tulikuwa na waombaji. Binti wa Nguruwe hayupo tena. Koti lenyewe limetupwa."

Nilishusha pumzi. Nilitaka kucheka, na nadhani nilicheka. Latrice hakucheka.

"Subiri kwanza," alisema. "Sasa anaigiza mwombaji. Mwanamke mtu mzima, kaja kwenye mahojiano, mara msiba wa zamani unamlipukia mbele za watu. Anaanza vizuri, halafu uso unamkunjamana, anaanza kupayuka jina la mama yake. Colby alishaondoka, lakini hawa wapya ni wale wale, wanang'ata midomo. Mimi nimetoka nje, Maren. Wakinifukuza wanifukuze."

"Analitaja? Jina lenyewe?"

"Ragna," alisema. "Anasema ni jina zuri, watu hawalisahau."

Nilipokata simu nilikwenda nyuma ya mlango wa chumba changu, linapotundikwa koti la mama. Halijafuliwa mpaka leo, na harufu bado imo ukitafuta vizuri kwenye ukosi. Nilitaka kulinusa. Niliushika mkono wake, nikauinua, nikaona kidole gumba changu kimekaa vile vile kama cha Pruitt, nikauachia.