Gundi kwenye Kabati la Daktari

Nitakuambia kosa langu mapema, usije ukanionea huruma bure: nilitia gundi mahali ambapo gundi haikutakiwa. Hilo ni kosa la mkono, na mkono husamehewa. Yaliyofuata yalitoka mdomoni.

Nyumba ya Daktari iko juu kabisa mlimani, kule ambako lami inakata tamaa na kuliachia vumbi kazi. Mama huyu alipostaafu hospitali aliamua kuipamba kwa vitu vya kale kutoka Uchina na Japani: pazia la mbao la kukunja, meza fupi za kulia umeketi chini, taa za karatasi, na kabati jekundu la harusi ambalo mtu wa mnada alisema lina zaidi ya miaka mia na hamsini. Kwenye milango yake walichorwa korongo wawili wa dhahabu, mmoja kila upande, wakitazamana. Vyote vilipandishwa kwa lori vikiwa vimefunikwa mablanketi kama wagonjwa.

Mimi niliitwa kwa sababu ya shangazi yangu. Amepika katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, na funguo zote hukaa kiunoni mwake. Aliposikia Daktari anatafuta seremala, alisema, "Yupo mtoto wa kaka yangu. Ana mikono ya baba yake." Marehemu baba alikuwa fundi ambaye watu walikubali kumsubiri miezi. Mimi hawanisubiri sana, lakini mdomo ninao.

Daktari alinipa agizo moja. "Safisha, panga, paka nta. Usiongeze kitu."

Siku ya tatu nikafika kwenye kabati. Kila nilipogusa mlango, ubao wa kati ulicheza ndani ya fremu, koko koko, kama jino bovu. Nikachungulia mfereji ulioshika ubao: gundi hakuna hata tone. Nilicheka mpaka nikaketi chini.

"Fundi mzima," nikasema, "anachora ndege wa dhahabu, halafu anasahau gundi!"

Shangazi alikuwa ananishikia taa. "Daktari amesema usiongeze kitu. Halafu kaka yangu alikuwa..."

"Shangazi, wewe baki na sufuria zako. Mbao niachie mimi."

Akanisogezea taa. Nikatia gundi pande zote nne za kila ubao, nikabana kwa jiriwa, na kesho yake milango ilikuwa kimya. Daktari aliifungua na kuifunga, akanisifu kwa kazi safi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha ukaja msimu wa baridi kavu, ule ambao midomo inapasuka na moto wa sebuleni unawaka kutwa. Mchana mmoja nikaitwa. Ubao wa mlango wa kushoto ulikuwa umepasuka toka juu mpaka chini. Korongo shingo yake ilikuwa huku, mwili kule. Niliinama, na kutazama mara moja kulitosha. Gundi yangu ilikuwa bado imeng'ang'ania kingo zote. Mbao ilitaka kusinyaa, ikashikwa huku na huku, ikachanika katikati. Yule fundi wa kale hakusahau kitu.

"Fundi, ni moto?" Daktari aliuliza. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Nilihitaji maneno matatu tu: ni gundi yangu. Badala yake nikasema, "Ni moto, mama. Mbao ya kale na moto mkubwa haviivi chungu kimoja."

Daktari akamgeukia shangazi. "Si nilikuambia kuni mbili mbili?"

Shangazi alinitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikatazama mfuko wangu wa vifaa.

"Nilizidisha kuni, Daktari," akasema. "Nisamehe."

Daktari hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu. "Nipe funguo. Nenda nyumbani upumzike kwanza." Fundo la kamba kiunoni lilikataa kufunguka, na shangazi alihangaika nalo muda mrefu mbele yetu, akiwa bado na sinia mkono mmoja. Hata sinia sikumpokea.

Siku tatu sikushika randa. Niliona aibu mbele ya mke wangu, ambaye hakujua lolote. Siku ya nne nikapanda mlima.

"Mama Daktari, si moto. Ni gundi yangu."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa yeye alikubali kosa kwa nini?"

Kukiri gundi nilikuwa nimejiandaa. Kukiri kwamba mpishi alinikataza, nami nikamrudisha kwenye sufuria zake, sikuweza.

"Hakujua kitu," nikasema. "Alidhani kweli ni kuni zake."

"Maskini," alisema Daktari. "Mambo ya mbao atayajulia wapi. Mpelekee funguo, mwambie arudi. Na wewe usiguse tena kitu changu."

Niliteremka mwepesi, nikijiona mwanamume. Nilimkuta shangazi akichambua maharage. Aliona funguo, akafuta mikono, akaenda kunitolea kikombe kwenye kabati ambalo baba alimtengenezea alipoolewa. Mlango ukalia koko koko. Sauti hiyo nimeisikia tangu utoto, sikuwahi kuuliza.

"Baba hakuweka gundi," nikasema.

"Nilimuuliza. Akaniambia mbao inavuta na kuachia, iachie nafasi. Ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile." Akamimina chai. "Daktari umemwambia nilikukataza?"

"Nilimwambia hukujua kitu."

"Akasemaje?"

"Akasema maskini."

Aliketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli.

"Kuni nilijisingizia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimekusifu kwa jina la kaka yangu. Huo uongo ni wangu, nitamweleza. Lakini ujinga si wangu. Miaka kumi na mmoja, nirudi jikoni kwake kama maskini asiyejua kitu?" Akazisukuma funguo upande wangu wa meza. "Hujamaliza, baba. Rudi ukamalize."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikazichukua na kuinuka. Nilipofika mlangoni nilimsikia akifunika chai yangu kwa kisahani.