Mwendo wa Kutoka Doha

Arafa wa Kulesa hakuwa mtu wa kuficha sifa. Kaka yake Mansur alipokwenda Doha, kijiji kizima kilijua kwamba ni kilomita elfu tatu na ushei kutoka Nairobi, saa tano angani, na saa za huko ni sawasawa na zetu. Ukienda kwake kuomba chumvi, utarudi na chumvi na habari za ndege.

Kwa hiyo mama yao alipofariki alfajiri, watu walimgeukia yeye. Akampigia Mansur. Mansur alilia sana, kisha akasema wasimsubiri.

"Saa tano za ndege," Arafa akamweleza mjomba Godhana, "na kutoka Nairobi mpaka hapa ni kutwa nzima. Hafiki leo. Tuzike asubuhi hii."

Mjomba akamtazama. "Tutazika baada ya adhuhuri. Mama yako ana mtoto mmoja tu wa kiume, naye ndiye wa kumlaza kaburini."

"Lakini mjomba, Doha!"

"Baada ya adhuhuri, nimesema."

Jua lilikuwa limepanda Arafa alipotoka kuchota maji. Kwenye njia ya migombani, pikipiki kutoka Garsen ikamshusha Mansur. Begi hana. Miguuni kandambili, shati limejaa grisi.

Arafa akapiga hesabu, hesabu ikakataa. "Umetoka wapi?"

"Malindi. Niko gereji. Doha nilikaa miezi miwili tu, dada, wakanirudisha. Niliona haya."

Haya zile zikamhamia Arafa, zikamchoma masikio. Miaka miwili ya kujigamba! Akamwona akilini Abdia, jirani yake, anavyocheka mpaka anashika mbavu. Akamvuta kaka yake mkono.

"Ingia migombani. Kaa humo mpaka kesho, halafu utokee kama mtu aliyetoka uwanja wa ndege. Nakuomba, Mansur."

"Na mama naye atanisubiri mpaka kesho?"

Akajinasua, akapita.

Arafa alimfuata mpaka nyumbani, macho chini, akingoja mtu mmoja tu aulize ni ndege gani hiyo. Hakuna aliyeuliza. Mjomba Godhana akamshika mpwa wake bega. "Katawadhe. Wewe ndiye utakayeshuka."

Jeneza lilipoondoka, Abdia akaja kukaa naye mkekani.

"Sema tu," Arafa akasema. "Najua unalo la kusema."

"Sina la kucheka leo," Abdia akajibu taratibu. "Mama yenu alijua tangu mwaka jana kwamba yuko Malindi. Sote twajua. Kwani ulidhani mjomba alikuwa akimngoja nani?"

"Na mimi je? Mbona hamkuniambia?"

"Mama alitukataza. Alisema, 'Arafa akijua atamficha, na mwanangu hatakuja kunizika.'"

Arafa akavuta mtandio, akajifunika uso.